Mama amekataa baba aonane na mtoto, na amri ya mahakama ipo: ipi njia ya kufuata Lamu na Malindi?

Amri unayo. Ina muhuri wa mahakama na sahihi ya hakimu, na inasema mtoto akae nawe wikendi mbili kila mwezi na nusu ya likizo. Ijumaa inafika, unapiga simu, haishikwi. Au inashikwa na mjomba wake mtoto, anakwambia mtoto ana homa, ngoja wiki ijayo. Wiki ijayo mtoto amepelekwa Faza, kisiwani Pate, kwa bibi yake. Mwezi unakwisha na karatasi iko kabatini.

Baba akifika hapo, mtaani humpa ushauri wa aina mbili: "mshtaki afungwe", au "mwachie Mungu, mtoto akikua atakutafuta". Sikubaliani na wote wawili. Mtoto wa miaka mitano hawezi kusubiri mpaka awe mtu mzima ndipo amjue baba yake, na mama kulala rumande si jambo ambalo mtoto huyo atalisahau. Katikati ya hayo zipo njia nyingine: wazee na kadhi, afisa wa watoto, kuomba amri ibadilishwe, upatanishi wa mahakama, na ndiyo, kesi ya kudharau amri pia ipo. Nazilinganisha hapa kwa kipimo kimoja tu: ipi itamfikisha mtoto kwa baba yake mapema, na bado ikawa inamfikisha mwaka ujao. Maoni yangu nayasema mapema ili uyapime unavyosoma: kwa baba wengi, kuomba amri iandikwe upya kwa siku, saa na mahali kunafaa zaidi kuliko kuomba mama aadhibiwe.

Kwanza isome amri yako

Njia utakayoichagua inategemea maneno yaliyomo kwenye karatasi hiyo kuliko hasira uliyonayo. Amri nyingi za watoto husema tu kwamba baba "atapewa nafasi ifaayo ya kumwona mtoto". Sentensi hiyo inasikika vizuri siku ya hukumu, lakini ukirudi kwa hakimu kusema imevunjwa utaulizwa: imevunjwa lini? Nafasi ifaayo ni Jumamosi au ni Jumatano? Mama atajibu kwamba hakukataa, ni vile tu ulifika siku mbaya, nawe hutakuwa na la kumjibu.

Ukitaka mtu apatikane na hatia ya kudharau amri, mahakama zetu za Kenya huangalia mambo manne: masharti ya amri yawe wazi, anayelaumiwa awe aliyajua, awe ameyavunja, na awe ameyavunja kwa makusudi. Tena ushahidi unaotakiwa ni mzito. Mahakama ya Rufaa ilisema katika kesi ya Mutitika dhidi ya Baharini Farm, mwaka 1985, kwamba kipimo chake ni cha juu kuliko kile cha kesi za kawaida za madai, ingawa hakifikii kabisa kile cha jinai. Sababu ni kwamba mtu anaweza kupoteza uhuru wake.

Angalia pia karatasi yenyewe ilitoka wapi. Makubaliano mliyoandikishana mbele ya afisa wa watoto ni ushahidi mzuri, lakini hayawi amri mpaka mahakama iyapitishe. Mzazi anaweza kuihifadhi karatasi ya ofisi ya watoto miaka mingi akiiita amri ya korti, kumbe haijawahi kufika kortini. Kama yako ni ya namna hiyo, kazi yako ya kwanza ni kuipeleka mahakama ya watoto ipewe nguvu.

Na kama mama hakuwepo siku ya uamuzi, hakikisha amepewa nakala. Siku hizi mahakama hukubali kwamba aliyeijua amri hawezi kujificha nyuma ya kisingizio cha kutokabidhiwa karatasi, lakini kuthibitisha kwamba aliijua ni rahisi zaidi ukiwa na kiapo cha mpeleka hati wa mahakama kinachosema alimkabidhi siku fulani, mahali fulani.

Wazee na kadhi, au afisa wa watoto?

Njia hizi mbili ni za karibu, hazina gharama kubwa, na hazimpeleki mtu jela. Ndiyo maana baba wengi huanzia hapa, nami naona ni sawa, ila zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Wazee wanajua kinachoendelea. Afisa ataambiwa "mtoto alikuwa mgonjwa", lakini shangazi anajua kwamba shida ilianza siku baba alipooa mke mwingine, au siku mahari iliyobaki ilipodaiwa mbele ya watu. Kikao cha baina ya Magrib na Isha, pande mbili zikiwa na mtu wanayemheshimu, kinaweza kuondoa fundo ambalo hakimu hata hataliona. Ibara ya 159 ya Katiba yenyewe inazitaka mahakama zihimize suluhu na njia za jadi, mradi zisivunje haki za mtu. Udhaifu wake ni kwamba jambo likikubaliwa kwa mdomo halidumu. Mama akibadili nia mwezi wa pili, wazee hawana cha kumfanya, na wewe huna cha kuonyesha. Kwa hiyo, kikao kikifaulu, andikeni: siku, saa, mahali, sahihi za wote wawili na mashahidi wawili. Karatasi hiyo mkiwasilisha kortini kama makubaliano, hakimu anaweza kuifanya amri.

Kadhi yuko katikati ya mzee na hakimu. Ibara ya 170 inampa mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wote wamekubali kusikizwa kwake. Nasaha za kadhi zina uzito ambao afisa wa serikali hana. Fiqhi ya Shafii inayofuatwa na wengi wa pwani inamwachia mama ulezi wa mtoto mdogo, lakini haimpi ruhusa ya kumfungia baba mlango, na mama akiyasikia hayo kwa kadhi huyapokea tofauti na akiyasikia kwa wakili wa mumewe wa zamani. Lakini kwenye ulezi wa watoto hasa, majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana: wengine wameona kadhi anaweza kuugusa kwa kuwa unafuatana na talaka, wengine wamesema ni kazi ya mahakama ya watoto peke yake. Ukitaka amri ambayo haitapingwa kwa hoja ya mamlaka, mtumie kadhi kwa suluhu, kisha amri uitafute mahakama ya watoto.

Afisa wa watoto, upande wake, hana undugu na yeyote. Huduma yake ni bure. Anaweza kuwaita wote wawili ofisini, kwenda nyumbani kuona mtoto anaishi vipi, kusimamia makabidhiano kama mama anahofia kukutana nawe ana kwa ana, na kuandika ripoti ambayo hakimu ataisoma kwa makini. Ripoti hiyo ndiyo faida kubwa. Baba aliyepita kwa afisa kabla ya kurudi kortini huonekana mtu anayemtafuta mtoto, wala si mtu anayemtafuta mama. Afisa hawezi kumlazimisha mama. Akikataa wito mara mbili tatu, anachoweza afisa ni kuandika kwamba amekataa. Basi iombe ofisi iweke hilo kwa maandishi.

Kati ya hizo mbili: kama ugomvi wenu ni wa familia, umejaa maneno na aibu, anza na wazee. Kama kuna madai kwamba mtoto hayuko salama, kwako au kwa mama, nenda moja kwa moja kwa afisa. Wazee hawana ujuzi wa kuchunguza madhara ya mtoto, na wengine huyafunika ili jina la ukoo lisichafuke.

Kudharau amri, au kubadilisha amri?

Hapa ndipo pesa na muda wa watu hupotea.

Kesi ya kudharau amri hufunguliwa kwa ombi lenye hati ya kiapo, mahakama ile ile iliyotoa amri. Unaeleza siku baada ya siku: tarehe hii nilifika, nilikuwa na fulani, nilipiga simu saa fulani, nilijibiwa hivi. Unaambatisha nakala za ujumbe, tiketi za basi, kiapo cha shahidi. Mama anaitwa aeleze kwa nini asiadhibiwe. Adhabu inaweza kuwa faini au kifungo. Angalizo moja kwa wanaoandika maombi wenyewe kwa kunakili mifano ya mtandaoni: Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 2016 ilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2018. Mamlaka ya hakimu yamo katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015. Ombi linaloegemea sheria iliyofutwa linampa wakili wa mama nafasi ya kulipinga kabla hata hoja yako haijasikizwa.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inamwamsha mtu. Mara nyingine barua tu ya wakili, inayosema ombi litawasilishwa kufikia Jumatatu, humfungua mama mlango. Lakini hakimu hamfungi haraka mama ambaye ndiye anamlea mtoto. Anajua mtoto huyo atalala wapi usiku ule. Kwa kawaida mama huonywa, huomba radhi, hupewa nafasi nyingine, na miezi imeshapita. Na nje ya korti, Amu, yaani mji wa Lamu, ni mji mdogo. Habari kwamba fulani anataka kumfunga mama wa mtoto wake itafika mtaa wa Langoni kabla yako, na mtoto ataisikia madrasa kutoka kwa wenzake. Hata ukishinda, utampokea mtoto anayekuogopa.

Ombi la kubadilisha amri linapita kwenye masjala ile ile, lakini linauliza swali jingine. Halisemi "muadhibu". Linasema: amri hii haitekelezeki ilivyo, tunaomba iandikwe namna ambayo kila mtu atajua la kufanya. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na Ibara ya 53 ya Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe walioana au la. Ombi la namna hii linaongea lugha hiyo moja kwa moja, na hakimu hulipokea kwa moyo mwepesi zaidi. Mama naye hana sababu ya kujihami kama mshtakiwa.

Kinachoamua ni undani wa unachoomba. Mchukue baba anayefanya kazi hotelini Watamu, mtoto yuko Amu na mama yake. Amri ya "wikendi mbili kwa mwezi" haimfai. Basi kutoka Malindi hadi Mokowe ni safari ya saa kadhaa kupitia Garsen na Witu, kisha boti. Msimu wa watalii ukipamba moto, wikendi ndizo siku asizopata ruhusa. Mtoto naye Jumamosi na Jumapili asubuhi ana madrasa, na kumkatisha ni kumpa mama sababu halali ya kulalamika. Baba huyo aombe hivi: mwezi wa kawaida, wikendi moja yeye aje Amu, mtoto akae naye nyumbani kwa shangazi upande wa baba, kuanzia Jumamosi baada ya madrasa hadi Jumapili jioni. Likizo za shule, nusu ya kwanza au ya pili, na itajwe ni ipi mwaka gani. Makabidhiano ya likizo yawe gatini Mokowe saa nne asubuhi, na watu wawili waliotajwa kwa majina ndio pekee wanaoweza kumkabidhi au kumpokea mtoto. Nauli ailipe nani, kwenda na kurudi. Idd moja huku, nyingine kule. Na kwa familia za Kikristo za Mpeketoni au Malindi, Krismasi na Pasaka vivyo hivyo. Simu ya video siku mbili za wiki, saa moja na nusu jioni, kupitia namba iliyotajwa. Na siku iliyokosekana kwa ugonjwa ilipwe wikendi inayofuata, pamoja na karatasi ya zahanati.

Kwa familia za Pate, Siyu, Faza na Kizingitini ongeza bahari. Boti za kwenda Pate hufuata kujaa na kupwa kwa maji, na wakati wa upepo wa kusi safari huweza kuahirishwa. Amri isiyotaja hilo itavunjwa na bahari, kisha mama alaumiwe bure, au bahari igeuzwe kisingizio cha kila mwezi. Sema wazi: boti ikishindwa kuondoka, makabidhiano yatakuwa kesho yake kwa maji ya kwanza yanayofaa.

Omba pia mkuu wa kituo cha polisi atajwe kwamba atasaidia kuhakikisha makabidhiano yanafanyika kwa amani. Bila maneno hayo, polisi wengi watakwambia hili ni jambo la madai, hawaliwezi, nao hawajakosea.

Kwa hiyo, ukizilinganisha: kudharau amri ni kwa yule ambaye amri yake tayari ina siku na saa, mama ameijua, amekataa mara nyingi bila sababu, na suluhu imejaribiwa ikaandikwa kwamba imeshindikana. Au mama anamhamisha mtoto mji hadi mji ili asionekane. Wengine wote, anzeni kwa kubadilisha. Amri mpya iliyo wazi ikivunjwa, ombi lako la kudharau litakuwa na miguu ambayo lile la kwanza lisingekuwa nayo. Wapo mawakili wanaoweka maombi yote mawili kwa pamoja. Inawezekana, lakini kunapunguza ule upole ambao ndio uzuri wa njia hii.

Umbali usikutishe. Maombi huwasilishwa kwa mtandao, mfumo ulioenea nchi nzima tangu Machi 2024, na vikao vingi vya kutaja kesi hufanyika kwa video. Asiye na uwezo wa wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Sheria, au aende masjala aulize utaratibu wa kujiwakilisha. Watu hufanya hivyo, na kesi za watoto husikizwa faraghani, bila umati.

Hakimu anaweza pia kuwapeleka kwa upatanishi wa mahakama. Usiuchukulie kama kucheleweshwa. Ulianza Nairobi mwaka 2016 na baadaye ukaenea kaunti nyingine, wahusika hawamlipi mpatanishi, na muda wake ni siku 60. Mkikubaliana, makubaliano huwa amri. Kwangu huu ndio uwiano mzuri zaidi wa kikao cha wazee na nguvu za korti, hasa kwa watu waliokuwa wanapendana na sasa hawawezi kukaa meza moja bila mtu wa tatu.

Njia mbili za kuepuka

Kumvizia mtoto shuleni na kuondoka naye, hata kama ni siku yako kwa mujibu wa amri, kunakugeuza wewe kuwa mshukiwa. Mama ataripoti mtoto amepotea, na mazungumzo yote yatahamia huko.

Kukata matunzo ili mama alegee ni kosa la pili. Mahakama huyatazama matunzo na kuonana kama mambo mawili mbali mbali: mama hawezi kukunyima mtoto kwa sababu hujalipa, nawe huwezi kumnyima mtoto chakula kwa sababu hujamwona. Tuma kwa M-Pesa kila mwezi bila kukosa, ili kumbukumbu ibaki. Hakuna kiapo kinachomsaidia baba kortini kuliko orodha ya malipo isiyokatika katika miezi yote aliyofungiwa mlango.

Mama akiwa na sababu

Kina mama wengi hawakatai kwa chuki. Wengine waliwahi kupigwa. Wengine wameona baba akiingia kwenye dawa za kulevya, janga lililoumiza familia nyingi Malindi na Lamu, na wanaogopa kumwachia mtoto. Kama hofu hiyo ina msingi, usiipinge kwa jeuri. Omba mwenyewe kuonana kwa kusimamiwa: kwa muda wa saa mbili ofisini kwa afisa wa watoto, au nyumbani kwa bibi, afisa akiandika. Baba anayejitolea kusimamiwa hupanda haraka machoni pa hakimu kuliko anayekana kila kitu. Na kama ni mtoto aliye hatarini, kwa upande wowote, namba 116 inapokea simu bure saa zote.

Halafu kuna yule mtoto mwenyewe anayekataa. Wa miaka kumi na miwili, amekaa miaka mitatu bila kukuona, na sasa anasema hataki. Hapo adhabu ya mama haitasaidia chochote, na hakimu atataka kumsikiliza mtoto faraghani. Usiombe likizo nzima. Omba alasiri moja ufukweni Malindi au barazani Shela akiwa na dada yake, halafu siku nzima mwezi unaofuata, halafu alale usiku mmoja, na hakimu apange tarehe ya kuangalia mlipofikia baada ya miezi mitatu.